Pafu la mdogo wangu limepasuka mara mbili, na nyumbani wote wananitazama mimi

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 31, niko wodi ya upasuaji katika hospitali moja ya mkoa wa Mbeya. Nyumbani kwetu ni Rungwe. Naandika kuhusu mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 23, ila ukweli ni kwamba anayekosa usingizi ni mimi.

Mdogo wangu ni mrefu, mwembamba, na tangu utoto hakuwahi kulazwa. Msimu wa parachichi anapakia kreti kwenye malori, Jumapili anapiga tarumbeta kanisani. Mwaka jana mwezi wa Agosti, amekaa tu jikoni anakunywa chai, alishikwa na maumivu makali chini ya bega la kulia, akaanza kuhema. Nyumbani wakasema ni kichomi, wakamnunulia dawa dukani. Siku ya tatu ndipo alipofikishwa hospitali. Eksirei ilionyesha pafu la kulia limenywea karibu nusu. Aliwekewa mpira kifuani, akakaa siku 4, pafu likajaa, akaruhusiwa.

Mwaka huu mwezi wa Mei likarudi, upande uleule. Safari hii mpira ulikaa siku 8. Niliomba ruhusa kazini nikamuuguza mwenyewe, na muda mwingi nilikaa sakafuni pembeni ya kitanda naangalia chupa ya maji ambamo mpira ule unaishia. Akipumua, maji kwenye bomba yanapanda na kushuka, sawa. Siku ya 6 nikamwambia akohoe: mapovu matatu, manne, yaani hewa bado inavuja, kisha kimya. Akohoe tena: mawili. Nimehudumia wagonjwa wengi wenye chupa kama ile, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kulichukia povu. Siku ya 8 yalikoma, eksirei ikaonyesha pafu limejaa, mpira ukatolewa.

Kabla ya kuturuhusu, daktari bingwa alituketisha. Alisema mara ya pili upande uleule, na hewa imevuja kwa zaidi ya siku 5, kwa hiyo tufikirie upasuaji. Alitaja njia za kuendelea: kusubiri na kuangalia, dawa ya kupitisha kwenye mpira ili pafu ligande kwenye ukuta wa kifua, kufungua kifua hapahapa kwetu, au rufaa kwenda Dar es Salaam kwa upasuaji wa matundu madogo na kamera. Tarehe ya kliniki imekaribia na tunatakiwa kwenda na jibu.

Tulikaa kikao cha familia. Baba alisema mtu aliyefunguliwa kifua ni nusu mtu, hatashika jembe tena. Mama anasema tumwombe Mungu na tusubiri. Mjomba anasema pesa ipo, shilingi 2,400,000 zilizowekwa kwa ajili ya mahari, zichukuliwe. Mama akalia, kwa sababu wakwe watarajiwa wa Kyela hawajaambiwa kwamba kijana ni mgonjwa. Mdogo wangu alinyamaza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada ndiye anajua. Atakalosema ndilo."

Mshauri, hapo ndipo nilipochoka. Nikisema apasuliwe akafia mezani, nitakuwa nimemuua mimi. Nikinyamaza, pafu likapasuka usiku kijijini akafia njiani, nitakuwa nimemuua mimi vilevile. Nimeanza kufikiria ile dawa ya kwenye mpira iwe njia ya katikati: haina kisu, baba ataridhika, daktari pia atakuwa amefanya kitu.

Na lipo jingine. Mdogo wangu anavuta sigara, kama 10 kwa siku, tangu akiwa na miaka 17, na bangi siku za kazi nzito. Alinieleza wodini usiku, akaniapisha nisimwambie mtu kwa sababu baba ni mzee wa kanisa. Daktari alipouliza mbele ya baba, alijibu hapana, na mimi nilikuwa nimesimama pale. Je, nivunje siri hiyo? Na ukiwa wewe, ungechukua njia ipi?

Ndaga fijo.
Dada Mkubwa, Rungwe

MSHAURI ANAJIBU

Dada Mkubwa, pole kwa uuguzi, na pole zaidi kwa kuwa muuguzi wa wodini na wa nyumbani kwa wakati mmoja. Mgonjwa wa wodini, zamu ikiisha, unamkabidhi mwenzako. Huyu wa kwenu huna wa kumkabidhi.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikaona umebeba mizigo miwili kwa kamba moja. Mmoja ni pafu la kulia lililonywea mara mbili ndani ya mwaka. Wa pili ni familia iliyoamua kwamba atakayejibu ni wewe. Nitaanza na huu wa pili, maana usipotuliwa, hata ukweli wote wa kitabibu hautakusaidia kulala.

Umeniandikia kwa kirefu hofu ya baba, machozi ya mama, hesabu ya mjomba. Ya mdogo wako umeandika sentensi moja: atakalosema dada ndilo. Umeipokea kama imani aliyonayo kwako, na huenda ndivyo. Lakini je, haiwezi kuwa hofu iliyokosa pa kukaa, ikaja kukaa kwako? Ana miaka 23. Fomu ya ridhaa ataisaini mwenyewe, na kabla ya nusu kaputi daktari atamuuliza yeye kama ameelewa atakachofanyiwa. Kabla ya kliniki mtoe nje ya uwanja, tembeeni hadi njiani mkiwa wawili tu, umuulize anaogopa nini hasa. Huenda ni kisu, huenda ni Kyela. Au anaogopa kuacha tarumbeta na hajasema kwa sababu anaona ni jambo dogo mbele ya wazee. Ukishajua, mazungumzo na daktari yatakuwa mengine kabisa.

Sasa pafu. Unayajua mengi ya haya, lakini nayaandika kwa urefu kwa sababu nadhani barua hii itasomwa na baba pia.

Kwa kijana mrefu na mwembamba asiye na ugonjwa mwingine, kwa kawaida kinachopasuka ni lengelenge dogo lililo kwenye ncha ya juu ya pafu. Likipasuka, hewa hutoka kwenye pafu na kuingia kati ya nyutando mbili: mmoja umelivaa pafu, mwingine umetandazwa ndani ya ukuta wa kifua. Hapo katikati hapatakiwi kuwa na hewa. Ikiingia, pafu linaachana na ukuta na kunywea. Ndiyo maana inaweza kumpata mtu ameketi anakunywa chai. Si kwamba alibeba kreti vibaya. Kama mdogo wako anajilaumu kwa kazi yake, mwondolee hilo.

Umeandika kana kwamba pana njia mbili tu, mezani au njiani, na zote zinaishia kaburini. Hapo naomba tusimame kidogo. Kwa kijana ambaye mapafu yake hayana ugonjwa mwingine, pafu kunywea kwa namna hii huumiza na kutisha, lakini mara chache huua. Kinachoua ni pale tundu linapogeuka mlango wa upande mmoja: hewa inaingia kila pumzi na haitoki, presha ndani ya kifua inapanda, moyo unasukumwa upande wa pili. Ni nadra, lakini haisubiri. Upasuaji nao kwa kijana wa hali yake una hatari ya kifo iliyo ndogo sana. Kwa hiyo swali lililo mbele yenu, kwa jinsi ninavyoliona, ni hili: je, yuko tayari kulipata jambo hili mara ya tatu, na likimpata atakuwa wapi?

Maana uwezekano wa kurudi ni mkubwa. Baada ya mara ya kwanza, takriban mtu mmoja kati ya watatu humrudia. Baada ya mara ya pili bila upasuaji, huwa ni zaidi ya nusu, na nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Daktari wenu hakutoa ushauri wa pupa. Marudio upande uleule, au hewa inayovuja kwa siku 5 au zaidi, ni sababu zinazokubalika karibu kila mahali za kumjadili mgonjwa na mpasuaji wa kifua, na mdogo wako anazo zote mbili.

Hata hivyo, kusubiri ni chaguo halali, mradi kuwe na mpango. Anayesubiri asiwe peke yake mashambani bila simu. Awe na picha za eksirei zake kwenye simu, na kila anayekaa naye ajue sentensi ya kwanza ya kusema mapokezi: "Pafu lake la kulia limewahi kunywea mara mbili." Sentensi hiyo inaokoa muda ambao mwaka jana uliliwa na dawa za kichomi. Maumivu ya ghafla ya upande mmoja yanayokuja na kuhema ni safari ya hospitali iliyo karibu zaidi yenye oksijeni na mtu wa kuweka mpira. Kukimbilia Mbeya mjini kupita hospitali njiani si busara, kwa sababu Tukuyu hadi Mbeya ni kama kilomita 70 na mlima wake unaujua. Akipauka, akalowa jasho, mishipa ya shingo ikavimba na presha ya damu ikashuka, eksirei isisubiriwe. Hewa itolewe kwanza kwa sindano kubwa, halafu mpira. Unajua hivyo. Hakikisha wenzako wa zamu ya usiku nao wanajua.

Nije kwenye njia yako ya katikati. Naelewa kwa nini umeipenda, ila nadhani umeipenda kwa sababu ya kikao zaidi ya pafu.

Kazi ya dawa hiyo ni kuunguza kidogo nyutando zote mbili ili zinapopona zishikane, pasibaki nafasi ya hewa. Wengine hutumia talki safi iliyotengenezwa kwa hospitali, gramu 2 hadi 5 (ile ya kupaka watoto haitumiki kamwe), wengine doksisaiklini, na mahali ambapo hivyo havipatikani hutumika iodini ya povidoni ya asilimia 10, mililita 20 ndani ya mililita 80 za maji ya chumvi. Ili zishikane, lazima ziwe zinagusana. Pafu likiwa bado limenywea, dawa inaunguza ukuta mtupu. Tena maumivu yake ni makali, ndiyo maana hutanguliwa na lidokaini (dawa ya ganzi) ndani ya kifua pamoja na dawa ya maumivu inayopitishwa kwenye mshipa, na homa ya siku moja au mbili ni kawaida. Kosa linaloogopesha zaidi ni kubana mpira ili dawa isitoke wakati mapovu bado yanatoka: hewa inakosa njia, na mnaweza kumtengenezea ile presha inayoua. Kwa mgonjwa anayevuja, mpira hupandishwa juu tu, ukaning'inizwa bila kubanwa.

Lipo ambalo barua yako haikuligusa. Mpira umeshatolewa na pafu limejaa. Kumwekea mpira mpya leo kwa ajili ya dawa tu ni kupenyeza bomba mahali ambapo pafu limegusa ukuta, na hapo kulitoboa pafu lenyewe ni rahisi. Mara nyingi dawa hii hutolewa mpira ukiwa bado upo, wakati wa tukio lenyewe. Kwa hiyo njia ya katikati huenda kwa sasa imejifunga, isipokuwa kama sehemu ya upasuaji au siku likirudi. Na hata ikifanyika vizuri, kinga yake haifikii ya upasuaji, kwa sababu lile lengelenge linabaki palepale. Mara nyingi huwafaa wasioweza kuhimili nusu kaputi, na mdogo wako hayuko katika kundi hilo. Muulize daktari alikusudia ifanyike lini na vipi.

Upasuaji wenyewe una hatua mbili, iwe kwa kamera au kwa kufungua. Kwanza ni kuondoa chanzo, pili ni kubandika. Mgonjwa hulazwa ubavu, na mtaalamu wa usingizi huweka bomba la njia mbili kooni ili pafu la upande unaopasuliwa lipumzike huku la pili likifanya kazi. Kwa kamera, hutobolewa matundu mawili au matatu ya sentimita 1 hadi 2 kati ya mbavu. Mpasuaji anatafuta malengelenge kwenye ncha ya pafu, anaikata sehemu hiyo kwa stepla inayokata na kushona kwa pamoja. Kisha kifua hujazwa maji ya chumvi na pafu hupulizwa polepole. Povu likionekana, mshono unavuja na unarudiwa palepale. Ni chupa yako ileile, dada, ila safari hii povu likitokea yupo mwenye kulishona.

Halafu huja kubandika. Utando wa ukuta hukwanguliwa kwa gozi kavu hadi utoe vidonda vidogo vya damu, au sehemu yake ya juu huchunwa kabisa. Kuchuna hushika vizuri lakini hutoa damu zaidi. Karibu na kilele cha kifua mkono unatakiwa kuwa mwepesi, kwa sababu pana neva ambayo ikijeruhiwa kope la jicho la upande huo hulegea. Mpira huachwa kwa siku chache, na wengi hurudi nyumbani ndani ya siku 3 hadi 5.

Kufungua kifua hufanya yaleyale kupitia mkato mmoja. Usidhani ni njia ya kizamani ya watu wasio na kamera. Kwa upande wa kuzuia pafu lisirudie, kufungua ndiko kunakoshika zaidi: kurudi ni kama mtu 1 kati ya 100, wakati kwa kamera ni kama 5 kati ya 100. Gharama ya uimara huo ni maumivu. Mbavu hutanuliwa, neva zinazopita chini yake hukerwa, na wapo wanaobaki na ganzi au maumivu ya ubavuni kwa miezi kadhaa. Siku hizi wapasuaji wengi hupitia chini ya kwapa kwa mkato wa sentimita chache, bila kukata misuli mikubwa ya mgongo. Kwa hiyo muulizeni daktari wenu atafungulia wapi na kwa urefu gani, maana "kufungua kifua" si kitu kimoja. Muulizeni pia kama stepla na katriji zake (vibebeo vya pini) zipo. Hutumika mara moja na ni ghali, na pasipokuwepo mpasuaji hushona ncha ya pafu kwa uzi. Inawezekana kabisa, ila mikono yake iwe imezoea.

Mzee, kama unasoma: kinachotolewa ni ncha ndogo ya pafu, si pafu. Kwa kawaida mbavu hazikatwi. Baada ya kamera, wengi huruhusiwa kazi nyepesi ndani ya wiki 2 hadi 4, na mizigo mizito baada ya wiki 6 hivi. Kwa kufungua, ongeza mwezi au zaidi. Jembe atalishika. Tarumbeta nayo huwekwa pembeni kwa wiki kadhaa, kwa sababu kupuliza kwa nguvu huongeza presha kifuani kabla mshono haujakomaa, kisha hurudiwa taratibu kwa ruhusa ya mpasuaji.

Lakini sitaki mwingie mkidhani upasuaji unafunga kitabu. Hewa inaweza kuendelea kuvuja kwa siku kadhaa, damu inaweza kukusanyika, usaha pia. Kifua kilichobandikwa ni kigumu kukifungua tena miaka ijayo ikitokea haja. Na pafu la kushoto halijakingwa na lolote lililofanywa kulia. Ana mwili uleule, na upande wa pili unaweza kupata tatizo hilohilo.

Kuhusu Dar es Salaam, pima safari kabla ya kamera. Msiende kwa kusikia. Ombeni daktari wenu awapigie wanaopokea rufaa, aulize kama kamera inafanya kazi, stepla zipo, na mpasuaji wa kifua yupo wiki hiyo, na foleni ikoje. Kusubiri wiki tatu kwa ndugu wa Mbagala nayo ni gharama. Kwa ndege kutoka Songwe, kanuni inayofuatwa na wengi ni kusubiri angalau siku 7 baada ya eksirei kuthibitisha kwamba pafu limejaa kabisa. Kwenye basi, sehemu za kushuka hazina neno; hewa hubanwa kadiri unavyoshuka. Uangalifu unatakiwa kwenye kupanda, hasa safari ya kurudi. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yoyote iliyobaki kifuani Dar itakuwa imetanuka kwa karibu sehemu moja ya tano ikifika huko. Eksirei ya mwisho ipigwe Dar kabla ya kukata tiketi ya kurudi, si baada ya kupanda mlima wa Kitonga. Na vijana wakienda ufukweni Matema, kuogelea juu ya maji akishapona hakuna shida, ila kupiga mbizi na mtungi wa hewa asahau mpaka azungumze na mpasuaji wa kifua.

Jambo moja kwenye barua yako limenishtua kwa kukosekana: kifua kikuu. Hujasema kama makohozi yalipimwa. Kwetu hapa, kijana ambaye pafu limenywea mara mbili anastahili kipimo cha makohozi kwa mashine ya GeneXpert na kipimo cha VVU kabla ya kisu, hata kama hana kikohozi cha muda mrefu. Pafu lenye kifua kikuu hushoneka vibaya na huvuja kwa muda mrefu, na mpango wote hubadilika: dawa kwanza. Na kipande kitakachokatwa, ombeni kiende maabara.

Hilo linanileta kwenye siri. Moshi wa sigara ndio unaojulikana zaidi kuongeza hatari hii: kwa wanaume wanaovuta, uwezekano wa pafu kunywea maishani umekadiriwa kuwa kama 12 kati ya 100, na kwa wasiovuta 1 kati ya 1,000. Bangi inavutwa kwa pumzi ndefu iliyobanwa kifuani, na wavutaji wake wameonekana na malengelenge makubwa kwenye ncha za mapafu. Kwa hiyo daktari anahitaji kujua. Huenda akataka picha ya siti skani kabla ya kuchagua njia, na mtaalamu wa usingizi lazima ajue ili ajiandae na makohozi na dozi za dawa.

Lakini kusema kwamba daktari anahitaji kujua si kusema kwamba wewe ndiye wa kusema. Alidanganya kwa sababu baba alikuwa amesimama pale. Mwondoe baba chumbani. Unafahamu kazi hizi: mnong'oneze nesi wa kliniki kwamba mgonjwa angependa dakika 5 peke yake na daktari, bila kutaja kwa nini. Mwambie mdogo wako mapema kwamba mlango huo upo, na kwamba atakayoyasema humo hayatoki kwenda kwa mzee wa kanisa. Akishindwa kabisa na siku ya upasuaji imefika, utakuwa na uamuzi mgumu mbele yako, kwa sababu hapo usalama wake mezani utakuwa unashindana na kiapo ulichompa. Sidhani utafika huko ukimwambia wazi: "Mimi sitasema, lakini wewe sema." Na kuacha kuvuta kuanze sasa, si baada ya kisu. Kwa njia zote nne, hata ile ya kusubiri, hilo ndilo analoweza kulifanya kwa mkono wake mwenyewe.

Ya mahari nitasema machache. Ombeni hospitali mchanganuo ulioandikwa, kitanda, chumba cha upasuaji, stepla, dawa, eksirei, ndipo mjadili pesa. Bila karatasi hiyo mjomba na mama wanagombania namba ambayo hakuna anayeijua. Kama ana bima, ulizeni stepla zimo au hazimo. Kama hana, ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ipo kwa ajili ya kusikiliza. Wekeni pia kwenye hesabu gharama ya kutofanya kitu: siku 12 amelala wodini mpaka sasa, na wewe likizo yako. Kuhusu wakwe wa Kyela, anayepaswa kuambiwa kwanza ni binti, na wa kumwambia ni mchumba wake. Kovu chini ya kwapa halifichiki kwa mke.

Umeuliza ningekuwa wewe ningechukua njia ipi. Siwezi kuwa wewe, na wewe huwezi kuwa yeye. Kifua ni chake. Unachoweza ni kumpelekea picha iliyo kamili kuliko aliyonayo sasa, kisha ukae pembeni yake wakati anachagua, hata akichagua ambacho wewe usingekichagua. Kikao kingine kikiitishwa, aanze yeye kuzungumza, wewe uwe wa mwisho. Wengine wapeni kazi za mikono. Upasuaji ukikubaliwa, benki ya damu itahitaji watu wa kuchangia: baba na mjomba, kama afya inaruhusu. Mama atahitajika wiki mbili za mwanzo, wakati mtoto hawezi hata kuinua ndoo.

Siku ya kliniki ingia kama dada. Vaa nguo za nyumbani, acha sare. Maswali ayaandike yeye kwenye karatasi yake: atafunguliwa wapi, ukubwa gani, malengelenge yatakatwa kwa stepla au uzi, utando utakwanguliwa au utachunwa, daktari huyu amefanya wangapi, maumivu yatadhibitiwa vipi usiku wa kwanza, na hewa ikiendelea kuvuja baada ya upasuaji itafanyika nini. Na msisahau kubeba eksirei zote mbili, ya Agosti na ya Mei. Daktari atataka kuziweka pamoja kwenye taa.